Hakiki na Nguzo ya Tisa

Ndugu jamaa, majirani, maofisa na askari mliofika, tunaomba mkae, na waliosimama juani wasogee chini ya turubai, maana historia hii si fupi na msomaji wake hana haraka. Anayeisoma ni mdogo wake marehemu, fundi cherehani wa karibu na stendi, ambaye wengi wenu hapa mmevaa suruali alizozipunguza, na humu atajitaja kama mdogo wake tu, kwa sababu leo si siku yake.

Kabla hatujaanza, lazima mjue kwamba juzi Chuo cha maofisa, alikofundisha marehemu, kilituletea karatasi mbili zilizochapwa na kupigwa muhuri, zenye kichwa kinachosema ni historia ya marehemu, na aliyezileta, ofisa mmoja wa utawala, akasisitiza mara tatu kwamba familia isome kama ilivyo, isiongeze wala isipunguze. Mtu akikusisitizia jambo mara tatu katika nyumba ya msiba, huna budi kujiuliza kulikoni. Tulizisoma, na ni karatasi nzuri, tarehe zimepangwa, sifa zimejaa, ila zinaruka kutoka mwaka 2001 hadi 2003 kama mtu anayeruka dimbwi, na mwishoni zinasema marehemu ameacha mjane na mtoto mmoja wa kike. Mtoto wa kiume yuko hapa, mmemwona, ndiye aliyebeba jeneza mbele, upande wa kulia. Aliyeshona nguo miaka arobaini anajua palipokatwa kitambaa hata pakipigwa pasi. Kwa hiyo karatasi za Chuo tumezilaza chini ya daftari la rambirambi, na hii mnayoisikia imeandikwa kwa mkono, kwa agizo la marehemu mwenyewe, na ndani yake kuna jambo alilotaka lisemwe mbele ya watu kabla hajafukiwa, nalo linahusu jina la mwanawe.

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 11 Juni 1951, mtoto wa pili kati ya watoto watano, katika nyumba ya vyumba viwili iliyopakana na ukuta wa kiwanda cha matofali, ambako baba yetu alikuwa mlinzi. Baba alikuwa mtu wa kulala jicho moja wazi, na kila jioni kabla ya kwenda kazini alimwagiza mwanawe huyu azunguke nyumba, asukume kila mlango na kila dirisha, arudi aseme ameyasukuma, kisha baba mwenyewe akainuka na kwenda kuyasukuma upya. Ndiyo malezi aliyoyapata, na asije mtu akasema jeshi ndilo lililomharibu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1959 hadi 1965, nyuma ya kiwanda hicho hicho, ambako mwalimu wa hesabu alimchapa mara moja tu, mbele ya darasa zima, kwa kosa la kusema kwamba jibu lililoandikwa mwishoni mwa kitabu si sahihi. Kesho yake mwalimu yule, akiwa amelikokotoa upya na kuona kitabu ndicho kilichokosea, alimwita mbele ya darasa lile lile na kumwomba radhi. Marehemu alisema mpaka uzeeni kwamba hajawahi kufundishwa somo kubwa kuliko hilo, kwamba ukimwaibisha mtu mbele za watu, usimwombe radhi uchochoroni. Alimaliza sekondari mwaka 1969, akafanya kazi mwaka mmoja akihesabu matofali kiwandani, na kila mkokoteni aliuhesabu mara mbili, mpaka wasukumaji wakaomba ahamishwe.

Tarehe 3 Februari 1971 alijiunga na jeshi kama kuruta, akapanda kuwa koplo mwaka 1975 na sajini mwaka 1979, na tarehe 6 Januari 1984 akahamishiwa Chuo cha maofisa kuwa mkufunzi wa ramani na dira, akapewa cheo cha afisa mteule mwaka 1990. Kwa wale msiojua namna ofisa anavyotengenezwa, marehemu angependa mjue, kwa kuwa alichukia watu wanaodhani ofisa huzaliwa na nyota mabegani. Kijana huingia getini na sanduku moja, ananyolewa, anapewa namba, na kwa wiki saba za mwanzo hatembei, anakimbia, kwenda kula mbio, kwenda darasani mbio, kitanda chake kinapimwa kwa rula na buti zake zinakaguliwa mpaka chini ya soli. Baada ya hapo ndipo kazi yenyewe huanza, kusoma ramani, silaha, huduma ya kwanza, sheria za vita, kuandika amri kwa sentensi chache ambazo hata mtu aliyechoka hawezi kuzielewa vibaya, na kila mmoja kwa zamu hushika platuni siku mbili, akiwaongoza wenzake wenye njaa kama yeye na wasiolazimika kumpenda. Katikati ya mwaka huletwa karatasi ya siri, ambayo kila kadeti huandika majina ya wenzake watatu ambao angewafuata vitani, na mmoja ambaye asingemfuata hata dukani.

Katika yote hayo marehemu alikuwa na neno moja. Kadeti akisema, afande, tumefika kilimani, yeye humwambia hakiki, akisema bunduki haina risasi, hakiki, akisema amekula ameshiba, hakiki. Jina likamganda, wakamwita Hakiki, kwanza kwa kunong'ona, baadaye hata mkuu wa Chuo alimwita hivyo hadharani. Hata mwaka 1980, kabla hajafika Chuo, alipopigiwa simu kambini kwamba amepata mtoto wa kiume, alijibu neno hilo hilo, na muuguzi akamkatia simu.

Mtihani wake mkubwa uliitwa zoezi la nguzo, na hapa tunaomba mtege sikio. Kwa siku tatu kila kadeti huingia msituni peke yake, na ramani, dira, maji na orodha ya sehemu nane kati ya zote zilizopewa namba msituni, na katika kila sehemu husimamishwa nguzo nyeupe inayofika kifuani, yenye kibao cha bati kilichogongwa herufi moja na tarakimu tatu, ambazo kadeti huziandika kwenye kadi yake. Asiyeiona nguzo huandika Sikuiona, anatia saini, anapoteza alama lakini hapotezi heshima. Sasa marehemu, kwa vile hakumwamini mtu, alikuwa na siri yake: kila mwaka, siku moja kabla ya zoezi, alikwenda msituni peke yake, akang'oa nguzo moja, na sehemu yake akaiacha kwenye orodha. Aliiita nguzo ya hewa. Kadeti atakayerudi na namba ya nguzo isiyokuwepo, basi ameinunua au ameinakili, na siku hiyo hiyo anafungasha sanduku lake. Aliwakamata kumi na mmoja kwa miaka kumi na minane, na hakuwahi kumtuma askari akamng'olee, akisema kikulacho ki nguoni mwako. Mdogo wake alimwuliza siku moja, kaka, hao vijana hawaambiani, na yeye akacheka, akasema hata wakijua ipo, hawajui ni ipi. Neno hilo lilikuja kumtokea puani.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha tarehe 18 Desemba 1976 na shemeji yetu huyu mnayemwona, wakati huo mpiga chapa wa posta, baada ya kumchunguza kwa miezi minane, akiwauliza majirani watatu swali moja kwa siku tofauti ili aone kama majibu yatapishana. Alijiona mjanja kweli, mpaka siku ya harusi mjomba wa bibi harusi alipomnong'oneza kwamba wao nao walikuwa wakiulizia habari zake kambini kwa miezi kumi. Suti ya harusi ilishonwa na mdogo wake, na bwana harusi alikuja dukani na futi yake mwenyewe kuhakiki futi ya fundi, ndugu yake wa tumbo moja, na hazikupishana hata uzi.

Mwenyezi Mungu aliwajalia watoto wawili, na tunarudia kwa faida ya Chuo, watoto wawili: binti, aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1978, ambaye ni mwalimu wa hesabu, na wa kiume, aliyezaliwa tarehe 27 Septemba 1980, ambaye tarehe 8 Januari 2002 alipita kwenye geti la Chuo na sanduku lake kama wengine. Baba yake alikuwa amesimama getini, akamwambia kuanzia leo mimi si baba yako, ni afande, na kwa miezi kumi alimwita Kadeti Ishirini na Sita, akimkagua mara mbili pale ambapo wengine walikaguliwa mara moja, ili asije mtu akasema. Karatasi ya siri ilipoletwa, makadeti thelathini na tisa kati ya arobaini na sita waliandika jina la mwanawe kwamba wangemfuata vitani. Mzazi mwingine angechinja jogoo, lakini marehemu alikuja dukani kwa mdogo wake na uso umekunjamana, akasema mtu anayependwa na wote, kuna anachowapa.

Tarehe 10 Novemba 2002, mvua ikinyesha, marehemu alikwenda msituni akang'oa nguzo ya tisa, akaizungushia gunia, akaileta nyumbani na kuifungia katika kibanda chake cha zana, maana stoo ya Chuo nayo hakuiamini. Zoezi lilifanyika tarehe 11 hadi 13. Makadeti wanne walikuwa na nguzo ya tisa kwenye orodha zao, watatu wakarudi wameandika Sikuiona na saini zao safi, na wa nne, mwanawe, alirudi ameandika T 417. Na T 417 ndiyo namba yenyewe ya nguzo ya tisa.

Marehemu alikaa ofisini na kadi ile dakika arobaini, mlango umefungwa. Namba zote za vibao zilikuwa kwenye daftari lake jeusi, daftari lilikuwa kwenye droo nyumbani, na mwanawe alikuwa amekuja nyumbani kwa ruhusa tarehe 2 Novemba. Tena juu ya droo hiyo, ndani ya nyumba yake mwenyewe, alikuwa na desturi ya kuegesha njiti ya kiberiti ili ajue ikifunguliwa, na tarehe 4 aliikuta njiti sakafuni. Mkewe alimwambia wazi kwamba aliyefungua ni yeye, alikuwa akitafuta mkasi, na marehemu akamtazama akiwaza kwamba mama gani asiyemkingia kifua mwanawe. Mwanawe aliposimamishwa mbele yake alisema, afande, niliiona, iko kando ya mfereji, imeinama kidogo upande wa kushoto, na marehemu akawaza, sikia uongo ulivyonakshiwa.

Tarehe 18 Novemba 2002, saa mbili asubuhi, kwenye gwaride la watu mia moja na arobaini, marehemu aliomba akabidhiwe kazi hiyo yeye mwenyewe, akamvua mwanawe tepe za kadeti mabegani kwa mikono yake, akasoma kwa sauti kwamba Kadeti Ishirini na Sita amefukuzwa kwa udanganyifu. Kisha wale watatu walioandika Sikuiona waliitwa mbele na kusifiwa, kwamba huo ndio uaminifu unaotakiwa kwa ofisa.

Siku ya kamisheni ilikuwa tarehe 7 Desemba 2002. Siku hiyo kuna desturi moja, ambayo wazazi huingojea kuliko hotuba zote, kwamba mkufunzi aliyemfokea kijana mwaka mzima humwendea, anasimama wima mbele yake na kumpigia saluti ya kwanza, kwa kuwa kijana yule sasa ni mkubwa wake. Marehemu alipiga saluti arobaini na tano, na wale watatu wakiwemo. Ya arobaini na sita haikupigwa. Mwenye saluti hiyo alishinda dukani kwa baba yake mdogo, akikata nyuzi za suruali za watu kutoka asubuhi mpaka tulipofunga. Mwaka 2004 aliajiriwa na idara ya maji, ambako ni fundi bomba mpaka leo, na mtaa wowote hapa unaopata maji umwangalie vizuri, mikono yake ndiyo iliyowafikishia. Nyumbani kwao alikuja kwa nadra, akimsalimia baba shikamoo, akijibiwa marahaba, basi, yamekwisha. Shemeji yetu hakugombana na mtu, alipigilia msumari ukutani sebuleni, mkabala na kiti cha mumewe, akautundika ule mkasi hapo, na kila mmoja wenu aliyewahi kunywa chai katika nyumba ile ameuona.

Marehemu alistaafu tarehe 30 Juni 2006 na kupewa saa ya ukutani, aliyoilinganisha na redio kwa wiki mbili kabla ya kuikubali. Tarehe 9 Machi 2015, akitafuta miti ya kujengea banda la kuku, alifungua kibanda cha zana, akatoa nguzo kwenye gunia, akaiosha matope, na kibao kikasoma R 208. Alikiosha tena. Kilikuwa R 208, kibao cha nguzo ya mwaka uliotangulia, ambayo waliokusanya waliisahau msituni. Alimpigia simu mdogo wake kwa sauti ambayo mdogo wake hakuwahi kuisikia, naye akaacha suruali chini ya sindano na kukimbilia huko.

Kosa lenyewe, ndugu zangu, ni dogo kiasi cha kutia uchungu. Mwaka ule wa 2002 Chuo kilikuwa kimepokea ramani mpya, na kila ramani ina tofauti yake ya nyuzi kati ya kaskazini ya karatasi na kaskazini ya dira, ambayo lazima uisome pembeni mwa ramani kabla hujapiga hatua. Marehemu, kwa mazoea ya miaka kumi na minane, alitumia tofauti ya ramani ya zamani, akapotoka mita kama mia na hamsini, akakuta nguzo nyeupe, akaing'oa. Kila kadeti aliyewahi kufanya kosa hilo alizungushwa uwanja mpaka jua likazama. Na kwa sababu ya mvua na matope, hakupangusa kibao akakisoma. Hakiki hakuhakiki, na mtu ambaye hakuamini hata kivuli chake aliiamini miguu yake mwenyewe.

Tarehe 21 Machi 2015 walikwenda msituni wazee wawili, mmoja na dira, mwingine na chupa ya maji na viatu visivyofaa, na safari hii tofauti ya nyuzi ilihesabiwa mara nne. Nguzo ya tisa ilikuwepo, kando ya mfereji, hatua thelathini kutoka kwenye njia ya miguu, imeinama upande wa kushoto, na kibao chake kikisoma T 417. Waliokusanya nguzo baada ya zoezi hawakuifuata kwa kuwa waliambiwa imekwisha kung'olewa. Marehemu aliisoma namba ile mara tatu, akaipitisha kidole, kisha akakaa chini kwenye matope na suruali aliyoshonewa wiki iliyopita, akalia, na mdogo wake akakaa naye chini.

Waliponyanyuka, ndipo swali la pili likaja, na mliokaa hapa mmeshaanza kuliuliza. Kama nguzo ilikuwepo, nyeupe, hatua thelathini kutoka njiani, wale watatu hawakuionaje? Jibu lilikuja lenyewe tarehe 17 Januari 2017, pale mmoja wao, aliyeacha jeshi na sasa anauza vipuri vya magari, alipofika nyumbani kwa marehemu, akakataa chai, akasema. Waliowatangulia walikuwa wamewanong'oneza kwamba nguzo ya hewa ya Hakiki huwa ile ya mbali kuliko zote, ng'ambo ya mfereji, na mwaka huo ya mbali ilikuwa ya tisa. Kwa hiyo watatu wale hawakwenda, walikaa kando ya kijito wakala biskuti, wakaandika Sikuiona, wakatia saini, wakasifiwa. Aliyetembea mpaka nguzoni akavuliwa tepe, na waliokaa kitako wakavishwa nyota. Wawili waliobaki jeshini wamepanda vyeo, na leo wako nasi. Marehemu alikataza wasitajwe, akisema kosa la kwanza ni lake, nasi hatuwataji, ila tunaona kuna mtu anaangalia saa sana, na saini iliyo chini ya zile karatasi mbili za Chuo tumeitambua.

Marehemu alikiandikia Chuo tarehe 2 Aprili 2015, akakosa jibu, tarehe 5 Oktoba 2015, akajibiwa kwamba faili linatafutwa, na tarehe 14 Juni 2017, akiwa na maelezo ya muuza vipuri, akajibiwa kwa mistari miwili kwamba jambo hilo limefungwa na Chuo hakioni haja ya kufukua yaliyozikwa. Muda wote huo hakumwambia mwanawe. Alitaka kumpelekea karatasi yenye muhuri, kwa kuwa hakuamini kwamba neno lake tupu linatosha, na ukweli mwingine, tuuseme, alikuwa anaogopa, yeye aliyewafokea majenerali wakiwa bado hawajaota ndevu. Mdogo wake naye alijua na alinyamaza miaka minne, akishona vifungo kana kwamba hajui kitu, na kwa hilo anamwomba mtoto wake huyu radhi hapa, mbele za watu.

Mwezi Februari 2018 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, na tarehe 4 Juni 2019 alilazwa hospitali, wodi namba sita, kitanda cha dirishani. Aliyemwogesha, aliyemnyoa na aliyemlisha ni mwanawe, akitoka kazini na matope ya mitaro kwenye buti. Hata pale marehemu hakuacha mambo yake, alihesabu vidonge, akawataka wauguzi wasome lebo mara mbili, nao wakamwita mkaguzi mkuu. Tarehe 6 Julai 2019, mwanawe akimkausha miguu, alimwambia yote, nguzo, gunia, ramani mpya, kibao, biskuti. Mwanawe aliendelea kukausha miguu mpaka akamaliza, kisha akasema: baba, mimi siku zote nilijua niliiona, aliyekuwa hajui ni wewe. Marehemu akamwuliza anataka nini, naye akajibu kwamba nyota hazitaki, umri wake umepita, anachotaka ni wale walioambiwa yeye ni mwongo waambiwe tena.

Tarehe 14 Agosti marehemu aliomba kitanda kiinuliwe na kofia yake iletwe. Akaivaa, akamwita mwanawe asimame mbele yake, akapiga saluti, na mkono wenye sindano ya dripu haukupanda zaidi ya sikio. Muuguzi alidhani anaumwa kichwa, akakimbilia dawa. Mwanawe alisimama wima na nguo zake za kazi, na hakutikisika mpaka mkono uliposhuka wenyewe. Hiyo ilikuwa ya arobaini na sita.

Marehemu alifariki dunia tarehe 22 Agosti 2019, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane, miezi miwili na siku kumi na moja. Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba sita, waliovumilia kukaguliwa na mgonjwa wao, majirani waliopika na kuleta viti, mafundi wa idara ya maji waliochimba kaburi tangu alfajiri, wafanyakazi wenzake wa zamani wa Chuo, na kipekee yule muuza vipuri, ambaye amekuja leo na kukaa nyuma kabisa, ingawa nafasi mbele zipo. Chuo chenyewe tunakishukuru kwa jeneza na bendera.

Kwenye meza ndogo kando ya jeneza kuna kile kibao cha bati cha nguzo ya tisa. Mtakapopita kuaga, kila mmoja akigeuze akisome, na walio viti vya mbele waanze, wasituamini sisi, wahakiki. Na wale mia moja na arobaini wa gwaride lile, wengi wenu tunawaona hapa, na mliyoambiwa asubuhi ile hayakuwa kweli, Kadeti Ishirini na Sita hakudanganya, alikwenda, aliiona, aliandika alichokiona, na anayewaambia hayo ni baba yake, kwa mdomo wa mdogo wake.

Asubuhi ya leo, tulipomaliza kumvalisha sare, palikuwa na uzi mmoja umening'inia begani, na fundi alikuwa ameacha vifaa vyake dukani. Shemeji alikwenda sebuleni, akautoa mkasi kwenye msumari, akaukata uzi ule, na mkasi akaurudisha kwenye droo.

Kaka, zamu yako imepokelewa na jina la mwanao liko mahali pake. Mguu pande, mzee wetu, na upumzike kwa amani.